Pentax, Africafe na picha ya Bibi

Najua kuna watu walishaanza kusema nimedisko. Sijadisko. UE ziliisha salama, nikaenda zangu nyumbani Maruku likizo, na huko mtandao ni wa kubahatisha, ukiupata umepanda juu ya kichuguu. Nimerudi Mlimani juzi, begi bado halijafunguliwa vizuri, ila nimeona kabla semina hazijaanza kutubana niwape habari ya kamera. Wengi mmeniuliza: eti ni kweli umekula bumu lako kwenye kamera ya mkanda? Ni kweli. Tulieni niwaeleze.

Kwanza sababu, maana bila sababu hii hadithi itaonekana ni ya mtu aliyechoka kula.

Bibi yangu wa Maruku, mama yake baba, ana picha mbili tu katika maisha yake yote. Moja ni ya kitambulisho cha taifa, na kila mtu anajua zile picha zinavyofanana na mtu aliyekamatwa. Nyingine ni ya zamani, yeye na Babu wamesimama mlangoni, wamepigwa na mpiga picha aliyekuwa akipita vijijini na baiskeli. Babu anaonekana nusu. Bibi haonekani. Yaani gauni lipo, mikono ipo, kilemba kipo cheupe pee, ila pale penye uso ni doa jeusi. Nyuma yao kuna mbingu nyeupe. Tangu niko mdogo anatuonyesha ile picha na kusema, "Huyu ni mimi, ila sionekani." Tulikuwa tunacheka. Siku hizi sicheki, kwa sababu Bibi ana presha ya macho. Jicho la kushoto limeshakwenda, na hospitali walisema wazi kwamba kilichopotea hakirudi, dawa ni ya kuchelewesha kilichobaki. Mwaka huu akaniambia anataka picha moja ya kushika mkononi, akae karibu na kaburi la Babu kwenye kibanja, uso uonekane, na aione mwenyewe wakati jicho la kulia bado linafanya kazi.

Sasa mtasema, simu je? Nakubali, simu yangu ingempiga vizuri kuliko mimi. Simu za leo zinaona gizani kuliko paka. Ila picha zote za Babu za miaka yake ya mwisho zilikuwa kwenye simu ya binamu yangu, na ile simu ikaibwa stendi. Tulizika 2019, na hatuna hata moja ya kuweka kwenye fremu. Toka hapo Bibi akisikia "picha ya simu" anageuza uso. Kwake ile si picha, ni kitu cha kupita. Na mimi nilikuwa na kiu yangu pia, sitaficha. Nasoma kemia, na kusafisha mkanda wa picha ni kemia ambayo unaweza kuining'iniza kwenye kamba ya nguo.

Basi bwana, nikaanza kusaka kamera. Nilikuwa nimejibana mpaka nikawa na laki mbili na elfu sitini. Nikapata fundi mmoja Kariakoo anayetengeneza kamera na redio, ana kabati la vitu vya zamani. Akanitolea tatu, akaziweka mezani.

Ya kwanza Canon AE-1. Hii ndiyo iliyonivutia macho, kamera nzuri, ilitoka 1976 na ilisifika dunia nzima. Lakini shata yake inaendeshwa na umeme. Betri ikifa, na kamera imekufa, hata kama una mkanda umejaa. Betri yenyewe ni ya volti 6, si ya kuikuta duka la Mangi. Alitaka laki mbili na nusu. Nikaishika, nikairudisha.

Ya pili Zenit-E, ya Mrusi, nzito kama tofali, elfu sitini tu. Ukikosa mteja unaweza kuitumia kupondea karanga. Lenzi yake, Helios ya milimita 58, ni tamu kweli, na haihitaji betri yoyote. Nilikaribia kuichukua. Kilichonizuia ni kasi za shata: inaanza 1/30 ya sekunde na kuishia 1/500. Chini ya 1/30 hakuna kitu ila herufi B, yaani wewe mwenyewe ubonyeze uhesabu kichwani. Na dirisha lake la kuchungulia lina giza. Nikafikiria kibanja chetu kilivyo, nikasema hapana.

Ya tatu Pentax K1000. Hii walianza kuitengeneza 1976 wakaacha 1997, na miaka yote hiyo haikubadilika sana, ndiyo maana kwenye nchi nyingi ilikuwa kamera ya wanafunzi wa kupiga picha. Kila kitu ni chuma na springi. Kasi zinatoka sekunde 1 hadi 1/1000. Betri ipo, kidogo kama ya saa, lakini kazi yake ni kusukuma mshale wa kupimia mwanga tu. Shata haiijui. Na ya kwangu huo mshale ulikuwa umekufa kabisa, hata ukiweka betri mpya hautikisiki, ndiyo maana bei ikashuka mpaka laki moja na thelathini ikiwa na lenzi ya milimita 50 inayofunguka hadi f/2. Fundi alinionea huruma akasema, "Mdogo wangu, hii haipimi mwanga." Nikamwambia nitapima mwenyewe.

Hapo ndipo ninapotofautiana na vijana wa Instagram wanaouliza kamera gani ni kali. Swali la kuuliza ni utapigia wapi. Anayepiga ufukweni Coco saa sita mchana, hata Zenit inamtosha na chenji inabaki. Mimi nilikuwa naenda kupiga chini ya migomba, mtu mzee, amekaa. Nilihitaji shata inayokwenda polepole kwa uhakika, na lenzi inayofunguka. Jina la kampuni baadaye.

Kabla ya kulipa nilikagua, na hili mlishike kama mna mpango wa kununua. Unafungua mgongo wa kamera, huna mkanda ndani, unaielekeza dirishani na kubonyeza shata kwa kila kasi. Unapaswa kuona mwanga unapita, na masikio yasikie tofauti kati ya sekunde moja, nusu, robo, kushuka. Kwenye kamera mbovu kasi za polepole zinakwama, zinasikika kama mtu mwenye pumu. Halafu unamulika lenzi kwa tochi ya simu kutafuta ukungu, ile mistari kama utando wa buibui. Huku kwetu pwani na kule Ziwa ukungu ndio muuaji wa lenzi, unyevu hautuachi. Mwisho unagusa sponji nyeusi za kwenye kingo za mlango. Zangu zilikuwa zimeoza, zinanata kama lami, na mwanga ungeingia hapo. Fundi akazibandua akaweka nyuzi nyeusi za sufu. Elfu tano.

Kwenye hela iliyobaki nikanunua tangi la kusafishia (fundi alikuwa nalo, limekaa miaka hata hajui lilitoka wapi), na rafiki yangu aliyekuwa anatoka Nairobi akaniletea mikanda mitatu ya Fomapan 100, nyeusi na nyeupe, inayotengenezwa Jamhuri ya Czech. Mnaweza kuuliza kwa nini 100 na si 400, wakati 400 inahitaji mwanga mara nne chini na mimi naenda gizani. Jibu liko kwenye dawa, nakuja.

Mkanda wa kwanza nikautoa sadaka hapa hapa Mlimani. Picha 36 za kujifunza tu, wala sikuzitaka ziwe nzuri. Nilichukua daftari la kaunta, kila picha naandika namba, saa, tundu la lenzi, kasi, na jua lilivyokuwa. Kanuni ya wazee inasema hivi: jua kali, mbingu wazi, weka tundu f/16 na kasi iwe moja chini ya namba ya mkanda. Mkanda wa 100, basi 1/125, ndiyo iliyo karibu. Kutoka hapo unafungua ngazi moja moja, wapiga picha wanaziita stopu, na kila stopu ni mwanga mara mbili. Wingu jepesi, f/11 au f/8. Wingu zito, f/5.6. Kivuli kilicho wazi, yaani juu kuna mbingu ila jua halikugusi, f/4.

Nikapiga Nkrumah Hall kwa f/22, f/16, f/11, f/8 na f/5.6, zote 1/125. Nikamsimamisha roommate wangu juani, chini ya mwembe, halafu mlangoni mwa hosteli mgongo ukiwa nje, makusudi, nitengeneze upya ile picha ya Bibi. Mlangoni nilimpiga mara nne, kila mara nafungua stopu moja. Yeye alikuwa analalamika ana njaa.

Sasa dawa. Mnisamehe hapa nitakaa kidogo, maana ndiyo sehemu niliyoipenda kuliko zote.

Mwaka 1995 kule Marekani, Rochester, mwalimu mmoja wa kemia ya picha anaitwa Scott Williams na wanafunzi wake waligundua kwamba unaweza kusafisha mkanda kwa kahawa. Si utani. Ndani ya kahawa kuna asidi za jamii ya fenoli, na zikiwekwa kwenye maji yenye magadi zinageuza chumvi ya fedha iliyopigwa na mwanga kuwa fedha halisi, nyeusi. Hiyo fedha ndiyo picha. Baadaye watu wakaongeza vitamini C, ikaenda kasi zaidi. Wanaiita Caffenol. Na wanaoitumia huko duniani wanasisitiza: usitumie kahawa ya gharama, tafuta ya unga inayoyeyuka, ya bei ya chini, yenye robusta, kwa sababu robusta ina asidi hizo nyingi kuliko arabika.

Wadau! Mimi nimezaliwa kwenye robusta! Buhaya walikuwa wanatafuna buni za robusta kabla Mzungu hajatia mguu, mgeni akifika anawekewa akamwani mkononi. Na kiwanda cha Tanica kinachotengeneza Africafe kiko pale pale Bukoba. Dawa ya picha ninayoambiwa niagize Ulaya, nimekuwa nikiinywa na mihogo.

Kipimo ninachotumia kwa nusu lita ya maji: magadi safi gramu 27, vitamini C ya unga gramu 8, Africafe gramu 20. Unayeyusha kwa mpangilio huo, unaacha dakika tano povu litulie. Magadi ni yale ambayo kwenye maabara tunaita sodiamu kaboneti. Ukikosa, unachukua bekingi soda unaikaanga kikaangoni juu ya mkaa, unakoroga koroga zaidi ya saa moja mpaka iache kupungua. Gesi na mvuke vinatoka, gramu 100 zinabaki kama 63, hizo ndizo kaboneti. Mimi nilifanya hivyo na hesabu ikakubali, nikafurahi kuliko nilivyofurahia matokeo ya mwaka wa kwanza. Harufu ya mchanganyiko siwezi kuielezea. Fikiria kahawa iliyochemshwa ndani ya soksi.

Na hapa ndipo penye jibu la 100 na 400. Mikanda ya kasi kubwa ikiingia kwenye kahawa hii inapata ukungu wa kijivu, mpaka uongeze chumvi nyingine ya kuuzuia. Ya 100 inatoka safi bila kuongeza kitu. Kwa hiyo nilichagua mwanga mchache na dawa rahisi, na tatizo la giza nikaliachia lenzi na stuli.

Joto linatakiwa nyuzi 20, dakika 15. Dar maji ya bomba yalisoma 28. Nikazunguka na beseni la barafu kama muuza juisi. Usiku, taa zimezimwa, mablanketi madirishani, nikauingiza mkanda kwenye tangi kwa kupapasa. Dakika 15 za kahawa, unageuza tangi mara tatu kila dakika, suuza kwa maji, halafu unaweka dawa ya kukamatisha, ile inayoyeyusha chumvi ya fedha ambayo haikupigwa na mwanga. Hiyo haina mbadala wa jikoni ulio wa maana, nilinunua duka la kemikali.

Nilipoutundika ule mkanda saa nane usiku, picha zilikuwemo. Roommate akaamka akasema panukaje humu.

Mkanda ukikauka ndipo daftari lilipolipa. Juani, kanuni ya f/16 ilikubali kwa majengo. Kwa uso wa roommate, ambaye ni mweusi wa kung'aa kama mimi, picha iliyopigwa kwa f/11 ilikuwa na mashavu, paji, alama ya utotoni; ya f/16 ilikuwa na uso tu. Stopu moja. Pale mlangoni tofauti ilikuwa kubwa zaidi: kwa kipimo cha mbingu ya nyuma akawa doa jeusi kabisa, Bibi mtupu. Nilipofungua stopu tatu uso ukarudi, na mbingu ikawa nyeupe tupu, nani anajali mbingu. Yule mpiga picha wa baiskeli alikuwa amepiga mbingu vizuri sana.

Nimesoma baadaye kwamba kwa miaka mingi Kodak walikuwa wanapeleka kwenye maabara za picha kadi ya mwanamke Mzungu, wakiiita Shirley, ya kupimia kama rangi za ngozi zimetoka sawa. Na kilichowasukuma kuboresha rangi za giza, wanasema waliokuwemo, ni pamoja na malalamiko ya watengeneza chokoleti na samani za mbao. Chokoleti! Basi hapo tumefika mbali bila wao.

Nikapanda basi, Bukoba. Mjini nikapitia kwa mzee mmoja aliyekuwa na studio zama za mkanda, sasa anauza vocha na kufanya fotokopi. Nilikuwa sijabeba chupa ya dawa ya kukamatisha kwenye basi, nikategemea yeye. Wazee hawa ile dawa wanaiita haipo. Nikamwamkia, shikamoo mzee, marahaba mjukuu, nikauliza:

"Mzee, samahani, haipo ipo?"

"Haipo ipo," akasema, "ila haipo nyingi."

Kwi kwi kwi! Nilicheka mpaka akanikasirikia kidogo. Alikuwa na kopo la chengachenga zake, kavu, limekaa kabatini miaka, na ikiwa kavu haiharibiki. Tulijaribu hapo hapo kwa kipande cha ncha ya mkanda: kikatumbukizwa, baada ya dakika nne kikawa kioo. Akasema zidisha mara mbili, dakika nane, weka kumi usilaumiwe. Hela alikataa. Akaniuliza nampiga nani, nikamwambia. Akanyoosha kiganja chake, akakigeuza juu kwenye mwanga. "Usipime uso wa mtu," akasema. "Pima kiganja. Viganja vya watu vinafanana, mweusi na mweupe. Ukipata kipimo, fungua moja." Unasoma kwa programu ya simu siku hizi, wao walikuwa na kipima mwanga cha mkononi, lakini kiganja ni kile kile.

Maruku sasa. Wasiopajua, ni mwendo mfupi wa bodaboda kutoka Bukoba mjini, watu wa kilimo wanapajua kwa kituo cha utafiti cha TARI, wale wa migomba. Mandhari yetu ina vitu viwili: kibanja na rweya. Rweya ni uwanda wa nyasi, mwanga umemwagika, f/16 na 1/125 kama Mlimani. Unapiga hatua kumi unaingia kwenye kibanja, migomba na mibuni chini yake na chini kabisa maharage, na macho yako yanazoea haraka hata huoni tofauti. Mkanda unaiona. Nilinyoosha kiganja pale penye kaburi la Babu saa nne asubuhi, programu ikasoma f/4 na 1/30. Hizo ni stopu sita chini ya jua la rweya. Mwanga mara 64 kidogo. Sikuamini, nikatoka nje nikapima tena, nikarudi, ni sita.

Na huo mwanga wenyewe si mzuri. Unapenya katikati ya majani kwa madoa, doa moja linatua kwenye pua, jingine begani. Kwa Bibi ingekuwa chui.

Nilimwomba tupige barazani, pale chini ya paa, uso ukiangalia uwanja. Ni mwanga mtamu, kivuli kilicho wazi, f/4 na 1/125, na nyuma yake mlango wenye giza ungemweka mbele vizuri. Akakataa. Akasema barazani atakaa na wageni, picha anataka na mume wake. Baba mdogo akajaribu kumbembeleza kwa Kihaya, akajibiwa neno moja, akanyamaza.

Kwa hiyo nilizunguka lile kaburi siku mbili nikiangalia mwanga kama mgambo. Saa moja na nusu asubuhi, kabla jua halijapanda juu ya majani, hakuna madoa, mwanga wote ni laini, unatoka upande wa njia inayoingia kutoka uwanjani. Ni hafifu zaidi, lakini una upande. Tukachukua shuka jeupe, binamu yangu akalishika mita moja na nusu kutoka kwa Bibi, upande ule ule, tukalielekeza mpaka nikaona kwa macho shavu limeamka. Kiganja cha Bibi kikasoma f/4 na 1/30 tena. Shuka lilikuwa limerudisha kile ambacho mapema imekipunguza. Nikafungua moja kama alivyosema mzee: f/2.8. Ningeweza kwenda f/2 nikaongeza kasi, ila kwa mita mbili, f/2 inakupa kama sentimita 19 tu zilizo kali, na f/2.8 inakupa kama 27. Uso wa mtu na kilemba, na kidogo cha jiwe la kaburi, vinaingia kwenye 27. Fokasi nikaiweka kwenye jicho la kulia.

Kamera juu ya stuli, stuli juu ya kreti la soda. 1/30 mkononi inawezekana, ila sikuwa na Bibi wa akiba.

"Mume wangu," akaniambia, ndivyo anavyoniita, "nicheke au nisicheke?"

Nikamwambia avyotaka. Hakucheka. Alikaa akatazama kule nilikokuwa, sijui aliniona kiasi gani, mkono mmoja juu ya kaburi. Nilimpiga sita: tatu kwa f/2.8, moja f/4, mbili f/2. Dakika nne yote. Kisha akasema amechoka, na binamu akatupa shuka chini kwa sababu mikono ilikuwa imekufa ganzi.

Usafishaji niliufanya usiku ule stoo ya buni, mwezi haukuwepo. Maji ya mtungi yalisoma nyuzi 20 na nusu. Hakuna barafu, hakuna beseni. Bukoba wastani wa joto wa mwaka mzima ni huo huo, 20 na kitu, yaani nchi nzima imewekwa kwenye kipimo cha dawa. Bibi alikuwa nje ya mlango ananusa. Akauliza nani ameunguza kahawa.

Mkanda ulikauka kwenye kamba ya nguo, pegi moja juu na moja chini. Nikauweka juu ya kioo cheupe cha tableti ya baba mdogo, nikaupiga kwa simu, nikageuza nyeusi kuwa nyeupe, nikaenda mjini kwa yule yule mzee wa haipo, ana printa. Nikachagua ya pili ya f/2.8. Akaiangalia muda, akasema mkono umetoka vizuri. Uso hakuusema. Akachapa kubwa, inchi 8 kwa 10.

Bibi aliichukua akaisogeza kwenye jicho la kulia, karibu kabisa, kama mtu anayenusa barua. Akaitembeza taratibu kutoka juu kwenda chini. Nilikuwa nimesimama pale na moyo uko kooni.

"Kaburi lipo," akasema.

"Lipo, Bibi."

Akarudi juu. Akakaa hapo muda mrefu mpaka mama akatoka jikoni kuangalia kuna nini.

"Kumbe nimekuwa mama yangu," akasema. Halafu akauliza nakala nyingine ziko wapi, maana ana watoto sita, na kila mmoja apate yake, na ile ya zamani ya mlangoni niichukue nikaae nayo Dar, yeye haihitaji tena.

Ninayo hapa mezani. Nakala sita zimeshachapwa, nne zimefika, ya shangazi wa Muleba na ya baba mkubwa wa Mwanza bado ziko njiani na watu. Negativu nimezikata sita sita nikaziweka kwenye bahasha ndani ya kopo la maziwa, na mchele kidogo wa kufyonza unyevu. Mkanda wa tatu haujaguswa. Majirani wawili wa Bibi walishaweka oda ya Krismasi, mmoja anataka na ng'ombe wake, ng'ombe ni mweupe na yeye ni mweusi, hapo nitajua nina akili kiasi gani. Kuna anayekuja kutoka Nairobi mwezi ujao? Naomba Fomapan mbili, 100, si 400. Hela ninayo, bumu likitoka.

Semina ya saa nane inaanza na sijasoma hata ukurasa. Alamsiki.